Kipimo Si Shahidi

Swali la kama ugonjwa ni adhabu ya dhambi limewashughulisha wanazuoni wa dini kwa karne nyingi, lakini yapo maradhi ambayo kwayo watu hulijibu swali hilo kabla halijaulizwa. Anayeugua malaria hupewa pole na kutafutiwa pikipiki ya kumfikisha kituo cha afya, ilhali anayeugua kaswende hupekuliwa mwenendo wake, ingawa magonjwa yote mawili huletwa na viumbe wasioonekana kwa macho na yote mawili yana dawa. Maambukizi ya kujamiiana, ambayo wengi huyaita magonjwa ya zinaa, ni yale yanayopita kutoka mwili mmoja hadi mwingine kwa tendo la ndoa au lililo mfano wake: kaswende, kisonono na klamidia huletwa na bakteria, trikomonasi huletwa na kimelea, na Virusi vya UKIMWI (VVU), homa ya ini ya aina B, malengelenge ya sehemu za siri na papiloma, ambayo huweza kuzaa saratani ya mlango wa kizazi, ni ya virusi. Manne ya kwanza yanatibika kabisa, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 peke yake watu wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliyapata mara milioni 374.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyo katika wilaya ya Isingiro, kusini-mashariki mwa jiji la Mbarara nchini Uganda, ni mahali ambapo swali hili haliishii vitabuni. Yalianzishwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda, na leo yanakaliwa na watu zaidi ya laki moja waliotoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Kiswahili huwaunganisha wengi wao, ingawa aliyetoka Bukavu au Goma husema SIDA pale ambapo mwenzake husema UKIMWI, na kaswende kwa Mrundi na Mnyarwanda ni mburugu. Misikiti ya Wasomali na makanisa ya kilokole ya Wakongomani yamesimama katika makazi yale yale pamoja na sala za Wakatoliki, Waanglikana na Waadventista, na mgonjwa aliyeshindikana katika vituo vya afya vya makazi hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, mjini penye kanisa kuu la Kikatoliki la Nyamitanga na la Kianglikana la Ruharo. Katika mazingira hayo hukumu ya dini ina uzito usiokuwa wa kawaida, kwa kuwa aliyepoteza shamba, ukoo na nchi hubaki na jumuiya ya sala kama ndiyo ukoo wake, na jumuiya hiyo ikimgeuzia uso hana wa kumkimbilia.

Hoja ya wanaoyaona maambukizi haya kuwa adhabu isidharauliwe, kwa sababu haitoki kwa wajinga peke yao. Mhubiri wa Kiislamu hutaja hadithi iliyopokelewa na Ibn Majah, inayoonya kwamba uchafu wa zinaa ukidhihiri katika kaumu, maradhi ambayo wazazi wao hawakuyajua huwashukia. Mhubiri wa Kikristo hutaja maonyo ya mitume juu ya uasherati. Na wote wawili huongeza kwamba hofu ya Mungu imewalinda vijana wengi kuliko mafunzo ya kliniki. Ukweli wa sehemu fulani ya hoja hiyo unapaswa kukiriwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Uganda iliwahimiza watu wake kutulia na mwenzi mmoja, kwa mfano wa ng'ombe anayelishwa zizini badala ya kuachwa azurure malishoni, mfano ambao mfugaji wa Ankole, eneo la Mbarara, hakuhitaji kufafanuliwa, na wachambuzi wengi wanakubali kwamba kupunguza idadi ya wapenzi kulichangia sana kushuka kwa VVU nchini humo katika muongo uliofuata. Uaminifu, basi, hukinga. Kosa huanza pale sentensi hiyo inapogeuzwa kichwa chini, ikadaiwa kwamba kwa kuwa uaminifu hukinga, kila aliyeambukizwa hakuwa mwaminifu. Jambo la pili halifuati kutoka la kwanza, na juu ya kosa hilo dogo la mantiki ndoa nyingi zimevunjwa.

Tabia ya vijidudu vyenyewe inalionyesha kosa hilo waziwazi. Kaswende huanza kwa kidonda kisichouma, ambacho hupona chenyewe katika wiki chache hata bila dawa. Baadaye huja upele, mara nyingi hata viganjani na nyayoni, nao hutoweka. Kisha ugonjwa hujificha, pengine kwa miaka mingi, kabla ya kurudi kuushambulia moyo au ubongo. Klamidia na kisonono huishi ndani ya wanawake wengi bila kutoa dalili yoyote, huku vikiziba taratibu mirija ya uzazi. VVU huweza kukaa mwilini karibu miaka kumi kabla mtu hajaugua. Kipimo cha damu, kwa hiyo, husema kwamba kijidudu kipo au kiliwahi kuwapo, na hakisemi kiliingia lini, kupitia kwa nani, kwa hiari au kwa nguvu. Tena kwa kuwa kliniki za wajawazito nchini Uganda huwapima akina mama VVU na kaswende, mara nyingi mke ndiye wa kwanza kujua, na wa kwanza kujua hugeuzwa wa kwanza kushtakiwa, hata pale mume alipoubeba ugonjwa kimya tangu kabla ya harusi.

Liko jambo lingine ambalo halisemwi vya kutosha. Katika vituo vingi visivyo na maabara kamili mhudumu hutibu kwa kufuata kundi la dalili, utaratibu uliobuniwa kwa nia njema ili mgonjwa asirudi nyumbani bila dawa. Lakini mwanamke anayetokwa na uchafu ukeni anaweza kupewa dawa za maambukizi ya kujamiiana ilhali uchafu huo mara nyingi hutokana na fangasi, au na kuvurugika kwa bakteria wa kawaida wa uke, hali ambazo humpata hata mwanamke ambaye yeye na mumewe hawakumjua mtu mwingine maishani. Utaratibu huo huo humwacha bila tiba yule mwenye ambukizo lisilo na dalili. Hivyo karatasi ya dawa inaposomwa nyumbani kama hati ya mashtaka, asiye na hatia huadhibiwa na mgonjwa halisi hupita bila kutibiwa.

Historia ya Uganda ina mfano mkubwa wa hukumu ya namna hiyo, na mfano huo unastahili kutafakariwa kwa muda. Mwaka 1908 Kanali Lambkin, daktari wa jeshi la Uingereza, alitangaza kwamba sehemu kubwa mno ya watu wa nchi hiyo ilikuwa na kaswende, na miongoni mwa sababu alizozitaja ni kwamba Ukristo ulikuwa umelegeza mamlaka ya zamani yaliyowabana wanawake. Taarifa hizo zilizaa kampeni ya tiba na ya maadili kwa pamoja. Watu wakakaguliwa kwa shuruti, na hospitali ya Mulago mjini Kampala ilianza mwaka 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa hayo. Wanahistoria waliozichambua kumbukumbu za wakati ule wameona kwamba wengi wa wagonjwa hao yaelekea walikuwa na buba, au na aina ya kaswende isiyopitia kujamiiana. Buba ni ugonjwa wa ngozi unaowapata hasa watoto vijijini kwa kugusana tu, na bakteria wake ni ndugu wa karibu sana wa yule wa kaswende, kiasi kwamba hata vipimo vya kawaida vya damu vya leo havitofautishi kati yao. Taifa zima lilitiwa doa la uzinzi kwa sababu ya vidonda ambavyo watoto waliambukizana wakicheza, na waliolitia doa hilo walikuwa wasomi waliojiamini. Anayelikumbuka hilo atasita kabla ya kuusoma moyo wa jirani yake kwa kuitazama ngozi yake.

Kwa Mwislamu, hoja yenye nguvu zaidi dhidi ya kuhukumu kwa ugonjwa imo ndani ya sheria yenyewe, wala hahitaji kuiazima hospitalini. Qurani, katika Sura ya An-Nur, inamwekea adhabu ya viboko themanini na kumnyima haki ya kutoa ushahidi yule anayemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi uzinzi bila kuleta mashahidi wanne. Kosa hilo mafakihi huliita kadhfu. Mafakihi wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Wasomali na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, hawakukubali hata mimba ya mwanamke asiye na mume iwe ushahidi wa kutosha wa zinaa, kwa sababu zipo njia nyingine ambazo mimba inaweza kutokea kwazo, kulazimishwa ikiwa mojawapo. Ikiwa mimba, ambayo kwa kawaida haitungwi bila tendo, haikutosha kuwa ushahidi, kipimo cha damu kisichojua tarehe wala mtu hakiwezi kutosha. Hadithi ya Ibn Majah inaionya jamii juu ya mwenendo wake, na haimpi mtu yeyote kibali cha kumtaja fulani. Zaidi ya hayo, tauni ya Amwasi ya mwaka 18 Hijria, sawa na 639 Miladia, iliwaua Abu Ubayda ibn al-Jarrah na Muadh ibn Jabal, wawili katika masahaba waliotukuka, na umma haukuwahi kusema kwamba waliadhibiwa.

Mkristo naye anacho Kitabu cha Ayubu, ambamo marafiki wanaomtaka mgonjwa akiri dhambi iliyomletea majipu ndio wanaoishia kukemewa na Mungu, na anayo sura ya tisa ya Injili ya Yohana, ambamo wanafunzi wanauliza ni dhambi ya nani iliyomfanya mtu azaliwe kipofu na Yesu anakataa pande zote mbili za swali lao. Lakini kusini-magharibi mwa Uganda Ukristo una sura nyingine inayogusa jambo hili kwa karibu. Uamsho wa Balokole, ulioanzia Gahini nchini Rwanda na kuenea Kigezi na Ankole katika miaka ya 1930, uliwafundisha watu kusimama mbele ya wenzao na kuungama hadharani, dhambi za ndoa zikiwemo, na makanisa ya kilokole ya leo yamerithi moyo huo kwa njia ya ushuhuda. Desturi hiyo ina thamani yake, kwa kuwa imewafundisha wengi kusema ukweli uliokuwa ukiwaozea ndani. Hatari yake ni kwamba humweka mgonjwa katika kiti cha mwenye kutubu hata kama hana la kutubia, na kwamba ushuhuda unaotarajiwa kuishia katika uponyaji humsukuma mtu kutangaza amepona kabla hajapona. Watafiti wameandika habari za wagonjwa nchini Uganda walioacha dawa za kufubaza VVU wakiamini kwamba maombi yamewaponya. Sala haigombani na kidonge, na mchungaji anayemwambia muumini achague kimoja amejitwisha mauti ya mtu huyo.

Ni haki kuuliza kama kuondoa adhabu kunaondoa pia wajibu, na wahubiri wengi hushikilia nadharia ya adhabu kwa hofu hiyo hasa. Jibu ni kwamba wajibu unabaki, na hata unakuwa mzito zaidi, kwa sababu unahama kutoka yaliyopita, ambayo hakuna awezaye kuyatengua, kwenda kwa yajayo, ambayo kila mtu anayaweza. Anayeulizwa alifanya nini ana sababu zote za kujificha. Anayeulizwa atamfanyia nini mwenzake ana njia ya kutenda mema leo. Laurenti Magesa, padri na mwanateolojia wa Tanzania, alieleza kwamba dini za asili za Kiafrika huuona ugonjwa kuwa jambo la uhusiano kati ya watu kabla haujawa jambo la mwili wa mmoja. Mtazamo huo umewahi kuzaa tuhuma za uchawi, lakini ndani yake mna hekima ambayo tiba ya kaswende inaihitaji: mke akidungwa penisilini peke yake na mume akabaki bila dawa, ugonjwa humrudia mke kutoka kitandani mwake mwenyewe. Kutibiwa pamoja ni sharti la tiba. Mjamzito asipotibiwa, kaswende huweza kumuua mtoto tumboni au kumfanya azaliwe na ulemavu, na sindano ya dawa hiyo ni miongoni mwa tiba za bei nafuu kabisa katika kituo cha afya.

Hapo ndipo wazo la amana, lenye mizizi katika dini zote mbili, linapokuwa na kazi ya kufanya. Mwili wa mwenzi ni kitu ambacho mtu amekabidhiwa, na aliyekabidhiwa hana ruhusa ya kukiharibu kwa kujua wala kwa kutojua kulikokusudiwa. Kutokwenda kupimwa ili mtu aendelee kusema hajui ni kuvunja amana. Wakati huo huo dini zinausifu usitiri: Uislamu humhimiza muumini asijianike dhambi ambayo Mungu amemsitiria, na Kanisa Katoliki limeifunga midomo ya padri juu ya alichosikia katika kitubio. Mipaka ya mambo haya mawili si migumu kuiona. Siri inayomlinda mgonjwa na dhihaka za majirani, mahubiri na wapangaji wenza ni haki yake. Ukimya unaomwacha mwenzi wake aambukizwe si siri tena, ni dhuluma. Kati ya hapo iko hali ngumu ya mwanamke anayejua kwamba akisema atapigwa au atafukuzwa, na kwa huyo haitoshi kuhubiriwa ukweli. Anahitaji mtu wa kusimama naye, ama mshauri wa kliniki, ama sheikh au mchungaji anayeaminika. Sheria ya Uganda ya mwaka 2014 juu ya VVU imefanya kuambukiza kwa makusudi kuwa jinai, na pamoja na nia yake, sheria ya namna hiyo inaweza kumpa mtu sababu ya kutopimwa, kwa kuwa asiyejua hawezi kushtakiwa kwamba alikusudia.

Uganda inao viongozi wa dini waliouona mpaka huo mapema. Kasisi Gideon Byamugisha wa Kanisa la Anglikana, mzaliwa wa Kabale, alitangaza mwaka 1992, baada ya kifo cha mke wake, kwamba anaishi na VVU, akiwa kiongozi wa dini wa kwanza barani Afrika kufanya hivyo hadharani, na aliendelea kuhudumu madhabahuni. Katika mwaka huo huo Chama cha Madaktari wa Kiislamu cha Uganda, kikiongozwa na Daktari Magid Kagimu, kilianza kuwafundisha maimamu na wasaidizi wao kuipeleka elimu ya UKIMWI nyumba kwa nyumba. Mwanzoni maimamu wengi waliikataa kondomu. Mjadala ulipoendelea, wengi walikubali kwamba ndani ya ndoa ambamo mmoja ana virusi kulinda uhai hutangulia, hoja inayotegemea kanuni ya kale ya fiqhi kwamba kati ya madhara mawili huchukuliwa lililo dogo. Kanisa Katoliki limebaki na mafundisho ya mwaka 1968 yanayopinga uzazi wa mpango usio wa asili, ingawa Papa Benedikto wa 16 alikiri mwaka 2010 kwamba katika mazingira fulani nia ya kutomwambukiza mwingine inaweza kuwa hatua ya kwanza ya maadili.

Ndoa za namna hiyo, ambamo mmoja ana virusi na mwingine hana, zina somo lao. Jozi 4,747 za wenzi wa hali hiyo kutoka Kenya na Uganda zilishiriki katika utafiti uliofanyika pia Kabwohe, si mbali na Mbarara, na matokeo yake yaliyotangazwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba asiye na virusi akimeza dawa za kinga kila siku hatari yake hupungua kwa kiasi kikubwa. Leo inajulikana pia kwamba mwenye VVU anayetumia dawa ipasavyo, hadi virusi visionekane kipimoni, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Chanjo ya papiloma, iliyojaribiwa kwanza katika wilaya za Ibanda na Nakasongola kabla ya kuenezwa nchi nzima mwaka 2015, huwakinga wasichana na saratani miaka mingi kabla hawajaolewa, na mzazi anayeikataa kwa kuogopa kwamba itamfungulia binti njia ya uasherati anamwachia hatari ambayo hata ndoa safi haimwepushi nayo, kwa kuwa hakuna mzazi anayejua mkwe wake ataingia na nini.

Mwisho ni suala la nani hasa anabeba dhambi pale dhambi ipo. Mgao wa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda ulipunguzwa hadi asilimia 70 mwaka 2020 na hadi asilimia 60 mwaka 2021, na tangu 2023 familia zimegawanywa katika makundi, zile zilizohesabiwa kuwa zinajitegemea zikaondolewa katika orodha. Msichana anayekubali mwanamume kwa ajili ya kilo chache za posho amechagua, lakini amechagua kati ya vitu ambavyo wengine wamempangia, na maadili yanayomhoji yeye huku yakimwacha mwenye posho apite ni maadili yenye jicho moja. Kuhusu waliobakwa njiani kutoka Kivu au Ituri, hakuna hata la kuhoji. Wanachostahili kuambiwa ni kwamba dawa ya kuzuia VVU inafanya kazi ikianzwa ndani ya saa 72, kwamba kaswende na kisonono vinatibika, na kwamba mbele ya Mungu hawadaiwi chochote.

Maimamu, mapadri, wachungaji na wazee wa makanisa wa Nakivale na Mbarara wana jukwaa ambalo hakuna kliniki iliyo nalo. Na waitangaze siku ya kliniki ya wajawazito katika hotuba ya Ijumaa na baada ya ibada ya Jumapili. Wawaagize waume waende na wake zao, wapimwe pamoja na watibiwe pamoja. Wao wenyewe wawe wa kwanza kukunja mkono wa shati. Na mtu akija kwao na karatasi ya hospitali, wamuulize kama ameshapata dawa na kama mwenzake ameshapata, na wasimuulize lingine.